Barua za Wasomaji: Fargo na kicheko kisichotoka

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Miaka yote nasikia kwamba Fargo ya mwaka 1996 ni miongoni mwa filamu bora za vichekesho vya uhalifu. Juzi nimeitazama hadi mwisho. Si mbaya, lakini nilicheka mara mbili tu, na yule rafiki wa shule anayemlilia Marge hotelini sikuelewa kazi yake. Kasoro ni yangu au ya filamu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ukiambiwa ni vichekesho, unakaa ukisubiri vituko. Fargo haina vituko vya namna hiyo. Tena Marge, askari unayempenda mara tu anapotokea, haingii mpaka karibu dakika ya 33, na filamu yote ni dakika 98. Theluthi nzima ya kwanza uko na Jerry, muuza magari anayepanga mkewe atekwe ili amkamue baba mkwe wake. Hapo ndipo watazamaji wengi hupoa.

Kicheko kimefichwa kwenye usemaji. Wahusika wa Minnesota, jimbo lililojaa vizazi vya wahamiaji wa Sweden na Norway, wanavuta maneno na hawaachi adabu hata mbele ya maiti. Rudia pale Marge anapoinama kwenye theluji eneo la mauaji. Mwenzake anadhani ameona alama ya ushahidi, kumbe ni kichefuchefu cha mimba. Kinapita, anainuka na kusema sasa ana njaa tena. Kama ulitazama nakala yenye sauti ya mfasiri juu yake, haya yote yamefunikwa. Tafuta yenye sauti halisi, na kama unasoma Kiingereza, weka maandishi ya Kiingereza chini.

Kagua na televisheni. Ile hali ya rangi kali hufanya theluji iwe ya buluu, wakati mpiga picha Roger Deakins alitaka weupe mtupu ambamo mbingu na ardhi havitenganishiki. Weka hali ya filamu au sinema, kisha zima kilainisha mwendo (kwenye LG ni TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow), kwani ndicho kinachofanya filamu ionekane kama tamthilia ya studio. Kama huna spika za pembeni, chagua sauti ya stereo badala ya 5.1 (ile ya spika sita), la sivyo muziki utapaa na maneno yatazama. Na filamu hii maneno yakizama, imekwisha.

Kuhusu Mike, yule wa hotelini: anamwambia Marge kwamba alioa na mkewe akafa kwa saratani ya damu. Baadaye rafiki anamweleza Marge kwa simu kwamba ni uongo mtupu, ndoa haikuwepo na huyo mwanamke yu hai. Kabla ya hapo Marge alishamhoji Jerry akaridhika na majibu yake. Baada ya simu hiyo Marge anarudi ofisini kwa Jerry, na safari hii Jerry anatoroka. Filamu haikutamkii uhusiano wa mambo hayo mawili (kama Mike aliweza kumdanganya, huenda na Jerry alimdanganya), ndiyo maana wengi huuruka.

Lakini malalamiko mengine yana haki. Jean, mke anayetekwa, hapewi nafasi ya kuwa mtu. Anakimbia amefunikwa kichwa, anaanguka, na tunatarajiwa kucheka. Sisi hatucheki hapo, na Oscar mbili za filamu hii (Frances McDormand, aliyeigiza Marge, kwa uigizaji, Joel na Ethan Coen kwa mswada) hazitubadilishi.

Ukirudia, mtazame Jerry kwenye maegesho baada ya kunyimwa mkopo. Anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, anapandwa na hasira, anatupa kikwangulio, kisha anakiokota na kuendelea kukwangua. Huo ndio ucheshi wa Fargo. Usipokugusa hapo, basi si filamu yako.

SWALI: Mwanzoni wanaandika kwamba ni kisa cha kweli kilichotokea Minnesota mwaka 1987. Ni kweli? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Hapana. Subiri majina ya mwisho yapite, utakuta tangazo la kawaida kwamba wahusika ni wa kubuni. Lakini ile mashine ya kusaga matawi, ambayo mtekaji mmoja anasagia maiti mwishoni, ina asili ya kweli: mashine ya namna hiyo ilitumika katika mauaji ya mwaka 1986 huko Connecticut, Marekani.