Ekzosi ya Subaru WRX ya 1998: anza kwenye turbo
Ndugu, umeuliza ununue nini kwanza ili gari lipate nguvu: kati ya sailensa ya nyuma na bomba linalotoka kwenye turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nunua bomba. Sailensa itakupa mlio tu; gesi inabanwa pale mbele, ndiyo maana nguvu iko pale. Kipenyo cha inchi 3 kinatosha, stenlesi ya 304, gasketi na nati mpya. Ila usiendeshe kwa kasi kabla kompyuta ya injini haijaprogramiwa upya: presha ya turbo hupanda kupita kiwango, petroli haitoshi, pistoni zinaungua. Stadi (boliti zinazoshikilia bomba kwenye turbo) zenye kutu zimwagie mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi, zisikatikie ndani. Hedas (mabomba yanayopeleka moshi wa injini kwenye turbo) za urefu tofauti ziache, ule mngurumo wa Subaru unatoka humo.