Kabla hujamwogopa mrefu wao, angalia nani kakaa benchi

Juzi dogo mmoja wa Mwanza kanitumia meseji, "kaka habari, Jumamosi tuna nusu fainali ya kikapu ya vyuo, wale jamaa wana senta ana mita mbili na ushee, tunamkabaje?" Nimeisoma nikiwa kwenye daladala, nikashindwa kujibu palepale. Imenirudisha 2023, mechi ambayo mpaka leo nikipita jirani na ule uwanja roho inaniuma.

Nasema ukweli wote. Mwaka ule nilikuwa nimeteguka enka sichezi, kocha akanipa daftari akaniambia kesho wapinzani wetu wana robo fainali, nenda kaandike kila kitu. Nikaenda. Nikakaa juani pale jukwaani, macho yote kwa senta wao. Jamaa mrefu kwelikweli, akiruka kidogo tu ananing'inia kwenye ringi. Nimemwandika kurasa mbili nzima, anageukia bega gani, mitupo huru anakosa, akipokea mpira chini ya ringi anaushusha mpaka kiunoni kwanza ndo arushe. Mpaka mapumziko wanaongoza kwa pointi 15, nikaona kazi imeisha, nikaondoka zangu kwenda kula chipsi mayai.

Sasa kwenye benchi lao kulikuwa na kijana mfupi, namba 7, kakaa na taulo shingoni. Nilimwona kabisa. Nikajua huyu wa akiba. Kumbe alikuwa na faulo tatu tangu robo ya kwanza, na kwa sheria zetu ya tano unatoka, kwa hiyo kocha wao kamtunza. Kipindi cha pili karudi kaua watu, mimi niko na chipsi zangu.

Usiku tukapanga mechi. Machi ya mwaka ule ule, kwenye mashindano ya vyuo kule Marekani, chuo kidogo cha Fairleigh Dickinson kilikuwa kimewatoa chuo cha Purdue 63-58, timu ya wafupi kuliko wote kwenye daraja lao, na Purdue wana senta Zach Edey wa mita 2.24. Kwa wanaume ilikuwa mara ya pili tu kwenye mashindano yale timu iliyopangwa namba 16 kwa ubora kuitoa iliyopangwa namba 1, ya kwanza ni chuo cha UMBC kuwapiga Virginia 74-54 mwaka 2018. Vipande vya mechi tulikuwa navyo kwenye simu, mmoja anasimama mbele ya Edey pasi isimfikie, mwingine yuko mgongoni kwake. Tukasema na sisi tunafanya hivyohivyo.

Kitu ambacho hatukukiangalia ni kwamba Edey siku ile alifunga 21 na rebaundi 15, yaani mipira iliyokosa ringi akaidaka. Hakuzimwa kabisa! Kilichowaua Purdue ni hao wengine walioachwa wazi, walirusha pointi tatu 26 zikaingia 5 tu. Ukiweka watu wawili kwa mtu mmoja kuna mtu umemwacha, na lazima uwe umemchagua wewe mwenyewe huyo unayemwacha.

Sisi tuliyemwacha ni namba 7. Robo ya kwanza tu kaingiza mitupo mitatu ya pointi tatu, yote kona ya kulia, peke yake, hakuna hata mkono usoni. Kocha akanigeukia, "huyu saba anapenda kuingilia upande gani?" Nikafungua daftari. Senta, senta, senta. Saba hayupo. Kocha hakuniambia neno, akaangalia ukurasa kisha akageuka uwanjani, na ule ukimya wake umeniuma kuliko angenitukana. Tulifungwa 61-58. Wenzangu watatu ilikuwa mechi yao ya mwisho chuoni.

Mwaka uliofuata niliwaangalia wapinzani mechi tatu, mwanzo mpaka mwisho, njaa na kila kitu. Pointi gadi wao, yule anayepandisha mpira, akibanwa na watu wawili kabla hajavuka nusu, na ana sekunde 8 tu za kuvuka, kila mara anageuka kulia, anaukinga mpira kwa mgongo. Kila mara. Tukamficha mtu kulekule kulia, tukaiba mipira sita na mechi tukachukua. Ile ilitoka kwenye daftari langu na najivunia mpaka kesho.

Kwa hiyo dogo, nenda mapema uwakute wanapasha. Mtu akipasha hajifichi, utaona laiapu, zile za kukimbia mpaka chini ya ringi, zote anapiga mkono mmoja, utaona nani anarusha kona gani. Halafu hesabu faulo. Ukimwona mtu kakaa benchi jiulize kakaa kwa nini, kachoka, kaumia, au katunzwa? Na kaa mpaka filimbi ya mwisho, nasema tena, mpaka filimbi ya mwisho, robo ya nne ndo unajua mpira wa mwisho anapewa nani.

Huyo mrefu mwenyewe anakabika. Hasheem Thabeet wetu, mita 2.21, Februari 2009 yuko chuo cha Connecticut na timu yao ndio namba moja Marekani nzima, DeJuan Blair wa Pittsburgh aliyepungua kwake kama sentimita 20 akamchukulia rebaundi 23 na pointi 22, Pittsburgh wakashinda 76-68. Msukume kwa kiuno mapema, mpira ukiwa bado hewani, asikae pale anapopataka. Ila vijana wa siku hizi mnapenda kushinda mtandaoni mnaangalia danki za mpinzani mnatishana wenyewe kwa wenyewe usiku kucha, halafu hata mmoja hajaenda kukaa jukwaani na kalamu. Acheni hiyo tabia. Chuo ni miaka mitatu tu, minne ukibahatika, na nusu fainali haziji kila mwaka.

Kesho wanacheza na nani hao? Nenda na daftari, andika namba zote kumi na mbili, za benchi uanze nazo. Ukimaliza nipigie picha unitumie hata saa sita usiku, nitasoma.