Rais wa kwanza wa Awami League alikuwa mwalimu wa shule ya msingi

Wengi hudhani rais wa kwanza wa Awami League, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Bangladesh (wakati huo Pakistani Mashariki), alikuwa Sheikh Mujib, kiongozi wa uhuru huo. Hapana, si yeye. Awami League ilipoundwa Dhaka tarehe 23 Juni 1949, Mujib alikuwa gerezani, akachaguliwa katibu msaidizi akiwa huko huko. Rais wa kwanza alikuwa Maulana Abdul Hamid Khan Bhashani, mwana wa Sirajganj, ambaye kabla ya siasa alifundisha shule ya msingi kijijini Kagmari, wilaya ya Tangail. Hata hilo jina Bhashani si la ukoo. Alipewa na wakulima wa Assam, kutokana na Bhasan Char kwenye mto Brahmaputra, alikowatetea wahamiaji wa Kibengali.

Kinachowachanganya watu, nadhani, ni kwamba alikihama chama mwaka 1957, akaunda chama cha NAP (National Awami Party), kwa sababu Suhrawardy, mwenzake wa Awami League aliyekuwa waziri mkuu wa Pakistani, aliikumbatia mikataba ya kijeshi na Marekani. Miezi michache kabla, kwenye mkutano wa Kagmari, kijiji kile kile alichofundisha, aliwaonya watawala wa Pakistani Magharibi kuwa wakiendelea kuwanyonya Wabengali, wataagwa kwa "Assalamu alaikum", yaani Wabengali watajitenga nao. Hiyo ni miaka 14 kabla ya Bangladesh kupata uhuru! Mzee huyu anastahili kukumbukwa zaidi.

Ila tuwe waangalifu: mwaka 1949 chama kiliitwa Awami Muslim League. Neno "Muslim" liliondolewa 1955, Bhashani akiwa bado rais.