Mkopo ukimwangukia nani?

Kaka, umeuliza kama benki zikikua kibarua wa Dar naye atapanda mshahara, au pengo kati yake na mhasibu litazidi. Inategemea mkopo unamwangukia nani.

Mwenye kiwanda pale Barabara ya Nyerere akikopa, mara nyingi ananunua mashine. Mashine inataka fundi wa kuiendesha na mtu wa kompyuta. Wapakiaji kumi wanabaki watatu. Hapo pengo linapanuka. Tena benki zenyewe huajiri wasomi, si wabeba mizigo.

Lakini mkopo huohuo ukimfikia mama ntilie wa Buguruni, ataongeza meza na kuajiri mabinti wawili wa kuosha vyombo. Na mzazi akipata pa kukopa ada ya VETA (vyuo vya ufundi), mwanawe anahama kundi la vibarua kabisa.

Shida ni dhamana: benki inataka hati ya nyumba, na Dar wengi tumejenga bila hati (mimi mmojawapo). Ndiyo maana sheria ya 1991 iliyofungulia milango benki binafsi haikumgusa sana mchuuzi. M-Pesa ilipoingia nchini 2008 angalau ilimfikia, ingawa kutumiwa pesa si sawa na kukopeshwa mtaji.