Kwa uliyevishwa jezi namba tisa: kazi yako iko kabla mpira haujafika

Mdogo wangu uliyepewa nafasi ya mbele msimu huu, iwe ni timu ya mtaa pale Nkuhungu, timu ya shule inayojiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, au timu ya darasa lako Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), najua utakachofanya jioni ya kwanza ya mazoezi. Utatenga mpira mbali na goli, utarudi nyuma hatua kadhaa, kisha utaukung'uta kwa nguvu zako zote. Ukigonga mtambaapanya wenzako watapiga kelele na utarudi nyumbani ukijiona umefanya kazi.

Nimecheza mbele kwa miaka mingi kwenye viwanja vya vumbi vya Dodoma, na sasa nawanoa vijana wanaotaka kucheza nafasi hiyo hiyo. Ninachowaambia siku ya kwanza hakiwafurahishi: mashuti ya mbali yasubiri. Magoli mengi, kuanzia ndondo za mtaani mpaka Kombe la Dunia, hufungwa ndani ya lile boksi la mita 16.5, na mengi yake kwa mguso mmoja tu. Chukua magoli mawili ya Mbwana Samatta ambayo Watanzania tunayakumbuka. Novemba 5, 2019 akiwa na Genk ya Ubelgiji aliifunga Liverpool pale Anfield kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Februari 1, 2020 akiwa na Aston Villa aliifunga Bournemouth, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye Ligi Kuu ya Uingereza. Yote mawili ya kichwa, yote mawili karibu na lango. Kazi ilishafanyika wakati mpira ungali hewani, alipokwenda mahali ambapo ungeangukia.

Kwa hiyo anza na macho. Kabla pasi haijatoka mguuni mwa mwenzako, geuza shingo uangalie nyuma ya bega lako, kisha angalia tena upande wa pili. Unatafuta mambo matatu: beki yuko wapi, kipa amesimama wapi, na nafasi iliyo wazi iko wapi. Ukipokea mpira huku hujui hayo, utalazimika kuyatafuta ukiwa nao mguuni, na beki hatakusubiri. Hili unaweza kulifanyia mazoezi hata bila mpira. Ukiwa umesimama kiwanjani wakati mchezo uko upande wa mbali, endelea kugeuza shingo. Mwanzoni utajisikia vibaya, lakini baada ya wiki chache utaanza kuona vitu ambavyo beki anayekukaba havioni.

Halafu miguu. Beki mzuri anataka kukuona wewe na mpira kwa wakati mmoja. Mnyime hilo. Simama nyuma ya bega lake, upande ule ambao akiangalia mpira hakuoni. Anza kwa mbio fupi za uongo: nenda kama unaufuata mpira, akikufuata, mkate urudi nyuma yake. Hatua mbili tatu zinatosha. Vijana wengi wanakimbia sana na bado hawapati mpira, kwa sababu wanakimbia kwa kasi ileile kuelekea upande uleule. Mbio za mshambuliaji lazima zibadilike ghafla. Polepole, kisha kama umefukuzwa.

Muda wa kuondoka ndio unaowasumbua wengi, na hapa ndipo kibendera cha kuotea kinapoinuliwa kila dakika. Mtazame kiungo wako. Akiwa bado anahangaika kuutuliza mpira, tulia. Akishautuliza, akainua kichwa, hapo ondoka. Na usikimbie moja kwa moja kuelekea golini. Kwanza kimbia sambamba na mstari wa mabeki, halafu pinda kuingia nyuma yao. Mkunjo huo unakununulia sekunde, na unapoingia tayari unalitazama lango.

Jifunze sheria ya kuotea kama unavyojifunza somo la mtihani. Kinachoangaliwa ni ulikuwa wapi mwenzako alipoucheza mpira, wala si ulikuwa wapi ulipoupokea. Ukiwa sawasawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa naye akihesabiwa, hujaotea. Ukiwa nusu ya kiwanja chenu, hujaotea. Na hakuna kuotea ukipokea moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona au mpira wa goli. Hilo la mpira wa kurusha washambuliaji wapya wanalisahau kabisa. Timu yako ikirusha karibu na goli la wapinzani, unaruhusiwa kusimama nyuma ya mabeki wote. Wakikufuata, wamewaachia viungo wako nafasi. Wasipokufuata, uko peke yako na kipa.

Sasa tuje kwenye mguso wa kwanza, na hapa lazima tuzungumzie kwetu. Mvua zetu huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili. Miezi mingine yote ardhi inakuwa ngumu, changarawe juu, mpira unadunda unavyotaka. Wapo wanaosema kiwanja kibovu kinaharibu mchezaji. Mimi naona kinamfundisha yule aliye tayari kujifunza: ukiweza kutuliza mpira unaoruka ovyo pale Kizota, siku ukikanyaga nyasi za Uwanja wa Jamhuri utaona umepunguziwa kazi. Siri ni kuwahi. Sogea uukute mpira, usiusubiri ukufikie, kwa sababu kila mdundo unaoongezeka ni bahati nasibu mpya. Magoti yawe yamekunjika kidogo, visigino vyepesi, na mguu urudi nyuma kidogo unapougusa mpira ili ufe.

Tafuta ukuta. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwanza, maana ukuta uliopakwa rangi juzi una mwenyewe. Piga mpira ukutani, upokee kwa mguu wa mbali, uuelekeze pembeni kwa mguso mmoja, kisha piga tena. Dakika ishirini kila siku, nusu yake kwa mguu usioupenda. Mguso wa kwanza wa mshambuliaji usiwe wa kuusimamisha mpira chini ya nyayo. Uwe wa kuupeleka mahali beki hayupo, ili mguso wa pili uwe shuti.

Upepo nao ni mchezaji wa kumi na mbili hapa Dodoma, hasa kiangazi kuanzia Juni hadi Oktoba. Kabla ya mechi, okota vumbi kidogo ulirushe uone linakwenda wapi. Mkicheza dhidi ya upepo, mipira mirefu itakufa njiani, kwa hiyo shuka chini kidogo uombe pasi za miguuni, na kwenye kona kaa karibu na nguzo ya kwanza kwa sababu mpira hautafika mbali. Mkiwa na upepo mgongoni, krosi zitapitiliza. Jicheleweshe, uingie nguzo ya pili. Kipa naye anateseka na upepo huohuo, na vumbi likimwingia machoni hudondosha mipira. Kila mwenzako anapopiga shuti, wewe ingia. Kila shuti, hata lile unaloona wazi kuwa kipa atalidaka. Mara tisa utakuwa umekimbia bure. Ya kumi mpira utamponyoka na utakuwa umbali wa mita moja.

Kumalizia. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na kipa hawezi kuwa kote. Mwangalie mara moja kabla ya kupiga, kisha rudisha macho kwenye mpira uyaache hapohapo. Mguu unaosimamia uwe pembeni ya mpira, kifua kiinamie mbele. Ukijirudisha nyuma mpira utakwenda juu. Ndani ya boksi, upande wa ndani wa mguu unatosha: lenga chini, pembeni, kama unatoa pasi. Ukiwa unatokea pembeni, lenga nguzo ya mbali, kwa sababu kipa akiupangua mpira una nafasi nzuri ya kumwangukia mwenzako. Ukibaki na kipa peke yako, fupisha hatua na piga mapema, kabla hajatulia kwenye miguu yake. Na fanya mazoezi ya kumalizia mwisho wa mazoezi, mapafu yakiwa yanawaka, kwa sababu nafasi ya dakika ya 85 haikukuti ukiwa umepumzika.

Vichwa, kwa walio wakubwa: macho wazi, tumia paji la uso, uufuate mpira usiuache ukugonge. Kwa watoto wadogo naomba makocha wenzangu tuwe waangalifu. Shirikisho la soka la Marekani limezuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga vichwa, na nadhani sisi pia hatuna sababu ya kuwapanga watoto mstari kuwarushia mipira ya kichwa jioni nzima. Wafundishwe kuruka na kukadiria mpira, mengine yatakuja.

Kama una mwili mdogo, usikubali kuambiwa huwezi kuwa straika. Usishindane na beki wakati ameshakushika. Mguse kwanza kwa mkono ujue yuko wapi, panua miguu, shusha kiuno, halafu achana naye kabla hajakusukuma.

Utapita kipindi hufungi. Kila mshambuliaji hupita hapo, na watu wa pembeni ya kiwanja hawana huruma. Chukua daftari. Baada ya kila mechi andika ni mara ngapi ulifika mahali pa kufunga, si magoli mangapi ulipata. Namba hiyo ikiwa inapanda, endelea vilevile, magoli yako njiani. Ikishuka, tatizo halipo kwenye mguu wako, liko kwenye mbio zako, na hapo unajua pa kuanzia.

Dodoma Jiji wakicheza Jamhuri, nenda ukaangalie. Kwa dakika kumi usiuangalie mpira kabisa, mwangalie mshambuliaji wa kati peke yake: anasimama wapi timu yake ikipoteza mpira, anageuza shingo mara ngapi, anamkimbiza beki upande gani. Wasichana, ushauri ni huohuo. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Tafuteni video zake na mtazame miguu yake kabla ya pasi kufika.

Na ukiitwa kwenye majaribio, fika mapema, kunywa maji kabla jua halijakuchosha, kisha watafute winga na kiungo utakaopangwa nao. Waulize majina yao. Muulize winga anapenda kupiga krosi kwa mguu gani, na kama anaipiga mapema au anafika mwisho wa mstari kwanza. Mwambie kiungo kwamba akiinua kichwa tu, wewe utakuwa unaondoka nyuma ya beki wa kushoto. Vijana wengine watakuwa wanapiga danadana. Wewe utaingia uwanjani ukiwa na watu wawili wanaojua pa kukutafuta.