Maswali ya Wasomaji: Je, UDOM ni chuo cha Kikwete?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dodoma, na majirani zangu wanakiita chuo cha Kikwete. Je, ni kweli kwamba chuo kikubwa namna ile ni kazi ya rais mmoja? Na kwa nini sisi wa Mwanza hatukujengewa cha kwetu? – Mzazi, Nyakato, Mwanza.

JIBU: Mzazi mwenzangu, hongera kwa binti. Majirani zako hawajakosea, ila wamekusimulia nusu ya habari. Chuo kilianzishwa mwaka 2007, Rais Jakaya Kikwete akiwa hajatimiza miaka miwili Ikulu, na masomo yakaanza Septemba mwaka huohuo. Kilianzia Chimwaga, kwenye ukumbi wa CCM uliokabidhiwa kwa chuo, ambamo Kikwete mwenyewe aliteuliwa kugombea urais mwaka 2005. Haraka hiyo ilikuwa na sababu, kwani shule za sekondari za kata zilikuwa zikifunguliwa kila pembe ya nchi, zikihitaji walimu mara moja, na wahitimu wake wangebisha hodi vyuoni muda si mrefu. Ndiyo maana lengo likawa kudahili hadi wanafunzi 40,000. Kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa Profesa Idris Kikula, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, aliyekiongoza kwa takriban miaka kumi.

Nusu ya pili ni fedha, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Sehemu kubwa ya majengo haikusubiri bajeti ya kila mwaka, bali ilijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, ikiwemo NSSF, PPF, PSPF na LAPF, kwa makubaliano kwamba Serikali ingezirejesha. Mama anayesimama kutwa nzima kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, akikatwa mchango wake wa NSSF kila mwisho wa mwezi, na mwalimu wa Magu aliyekuwa mwanachama wa PSPF, ni miongoni mwa waliotanguliza fedha za hosteli atakayolala binti yako. Serikali ilichelewa kulipa, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aliliandika jambo hilo katika ripoti zake. Ninampa Kikwete heshima ya uamuzi, lakini wanachama hao nao wanastahili kutajwa kila chuo hiki kinaposifiwa.

Kasoro ya kasi ile ni kwamba majengo yaliwatangulia wahadhiri. Hosteli husimama kwa mwaka mmoja au miwili. Mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu huandaliwa kwa miaka mingi, na chuo kililazimika kuajiri vijana na kuwapeleka masomoni huku madarasa yakiwa yamejaa.

Ama kuhusu Mwanza, Dodoma ilikuwa na ardhi kubwa na majengo yaliyokwisha kusimama, na Serikali ilikuwa imeamua tangu 1973 kuifanya makao makuu. Zamu yetu imeanza kufika: Chuo Kikuu Ardhi kimepewa fedha za kujenga kampasi Sengerema kupitia HEET, mradi wa Serikali wa kuboresha elimu ya juu, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Mbunge wako akija kuzungumzia majengo hayo, muulize ni wahadhiri wangapi wameshapelekwa kusomeshwa kwa ajili yake.