Hakuna faili lenye sauti ya Steve Albini

SWALI: Habari fundi. Sisi ni bendi ya rock ya watu wanne. Tumerekodi dramu kwa maiki sita kwenye chumba kikubwa chenye dari refu. Kila maiki nikiisikiliza peke yake iko vizuri, lakini nikifungua zote snea (ngoma kali ya katikati) inakosa uzito kabisa. Rafiki ametuuzia mafaili ya "sauti ya Albini", yule fundi aliyerekodi bendi ya Nirvana, anasema tukipitisha dramu humo kisha tukamasta (kuukamilisha wimbo) kwa programu ya akili mnemba, zitatoka kama za Nirvana za 1993. Tuongeze plagini (programu za ziada za kubadili sauti) zipi?

JIBU: Ndugu yangu, msiongeze hata moja. Umeshautaja ugonjwa mwenyewe: maiki moja moja safi, zote pamoja uzito unatoweka. Maiki zenu zinafutana: sauti ile ile inazifikia kwa nyakati tofauti, na mawimbi yake yanapingana.

Fungua zile maiki mbili zilizo juu ya dramu zote peke yake, halafu ongeza ya snea. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti), chenye alama ya Ø kwenye programu nyingi, na usikilize sauti nzito za chini. Upande ambao snea inanenepa ndio sahihi. Uache hapo, uende kwenye kiki (dramu kubwa ya mguu), kisha tomu (ngoma zile nyingine). Kama kuna maiki chini ya snea, hiyo karibu kila mara inageuzwa, kwa sababu fimbo ikitua, ngozi inaikimbia maiki ya juu na kuisogelea ya chini.

Kitufe kisipotosha, tafuteni futi kamba. Sauti huchukua karibu milisekunde 3 kusafiri mita 1. Maiki mbili zenye tofauti ya mita 1 kutoka snea hiyo hiyo, zikichanganywa kwa nguvu sawa, hufutana kwenye Hz 170 hivi, na uzito wa snea unakaa maeneo hayo hayo. Ikwalaiza, ya kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti, haikusaidii: ukipandisha Hz 170 umezipandisha kwenye maiki zote mbili, na zinaendelea kufutana. Kusogeza treki kwenye programu kunaokoa kidogo, lakini ukizipanga kwa ajili ya snea, tomu zinaharibika. Maiki za juu ziwe umbali sawa kutoka katikati ya snea, kisha rekodini upya. Ndiyo, upya.

Sasa hayo mafaili. Swali hili linanijia kila mara na linanikera, kwa sababu Albini, aliyefariki Mei 2024, alitumia maisha yake ya studio kupinga kile mnachouziwa kwa jina lake. Alikuwa mpiga gitaa wa Big Black, baadaye Shellac, na hakupenda hata kuitwa prodyuza. Kwenye In Utero, albamu hiyo ya Nirvana ya 1993, ameandikwa kuwa ndiye aliyerekodi, basi. Februari 1993 aliingia na Nirvana studio ya Pachyderm, Minnesota, na kwa takriban wiki mbili albamu ikawa imerekodiwa na kumiksiwa, kwa tepu. Uzito wa dramu zile unatokana kwanza na mkono wa Dave Grohl, mpiga dramu wao, kisha chumba chenyewe. Albini alipenda kulaza maiki za chumba sakafuni, ili sauti inayotoka moja kwa moja kwenye dramu na ile inayogonga sakafu zifike pamoja. Kwenye tomu aliweka maiki juu na chini, ya chini ikiwa imegeuzwa. Umeona? Ni tatizo lenu lile lile, na yeye alilimaliza kabla tepu haijaanza kuzunguka. Hata alipofungua Electrical Audio mjini Chicago mwaka 1997, alijenga kuta za matofali ya udongo kwa ajili ya sauti ya vyumba.

Faili la rafiki yako limebeba lipi kati ya hayo? Lina namba za ikwalaiza na kompresa (ya kubana sauti) zilizopangwa kwa dramu ambazo si zenu. Na hiyo akili mnemba inagusa sauti ya jumla tu, hasa kuipandisha. Matoazi yatawachoma masikio na snea itabaki imefutika.

Wanaouza mafaili haya wana ndugu zao ndani ya studio: maprodyuza wanaosema "twende tu, tutarekebisha kwenye miksi". Wasikilizeni vizuri wanapofika kwenye malipo, maana wengi hao hao wanataka asilimia ya mirabaha yenu. Albini aliiandikia Nirvana barua kabla ya kazi, akitaka alipwe kama fundi bomba: afanye kazi, alipwe, aondoke. Alichukua dola 100,000 na kukataa mrabaha, kwenye albamu ambayo kila mtu alijua itauza. Anayedai asilimia kwa dramu alizozirekodi vibaya hana haki nayo.

Kabla ya kulipa studio yoyote, ombeni kusikia dramu ghafi walizorekodi, maiki zote zimefunguliwa, bila plagini. Wakikataa, tafuteni studio nyingine.